Hesabu ya Misitu ya Mto Tana

Msafiri atokaye Garsen kwenda Hola kwa barabara kuu huona nchi kavu yenye miiba pande zote, na upande wake wa kuume, mbali kidogo, huona mstari mrefu wa kijani kibichi. Mstari huo ndio msitu wa Mto Tana. Mvua ya nchi ile ni haba. Hola hupata kiasi cha milimita 400 hadi 500 kwa mwaka, nayo haitoshi kukuza mti mkubwa. Miti ile haiishi kwa mvua ya hapo bali kwa maji ya mto, yatokayo Mlima Kenya na milima ya Nyandarua na kusafiri kiasi cha kilomita 1,000 mpaka baharini. Kadiri mtu aendavyo mbali na ukingo ndivyo maji ya chini ya ardhi yazidivyo kwenda kina, na kwa sababu hiyo mahali pengi msitu haufikii hata upana wa kilomita tatu.

Katika ukanda huo ndimo ilimo Kinakomba, nchi ya mojawapo ya makabila madogo ya Wapokomo wa Juu. Watu wa Kinakomba ni wakulima. Hulima mpunga, mahindi na ndizi katika udongo uachwao na mafuriko, na miembe yao imesimama kando ya mto tangu zamani. Udongo ufaao mgomba ndio huo huo ufaao mti wa msitu, na hapo ndipo penye shina la shauri lote. Shamba na msitu vyagombea ukanda mmoja mwembamba, na nyuma yao wako wafugaji, Waorma na Wawardei, ambao ng'ombe wao hawana budi kufika mtoni wakati wa kiangazi. Mwaka 2012 ugomvi wa ardhi na maji katika nchi ya Garsen uliua watu zaidi ya 100. Basi mtu asidhani kwamba habari za kupima msitu ni mchezo wa wataalamu tu.

Kwa miaka mingi imesemwa kwamba misitu ya Kenya yapungua. Maneno hayo ni kweli. Lakini karani wa ghala hawezi kuandika katika daftari yake kwamba magunia "yamepungua" kisha akaachwa aende zake. Ataulizwa yalikuwa mangapi, sasa ni mangapi, ni nani aliyeyahesabu, na gunia lenyewe ni la kipimo gani. Kwa misitu, swali hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, na ndilo ambalo watu husahau kuliuliza.

GUNIA LA KIPIMO GANI?

Kwa kanuni itumiwayo na Serikali ya Kenya, msitu ni mahali pasipopungua nusu hekta, yaani eka moja na robo hivi, penye miti iwezayo kufikia kimo cha mita mbili, na ambapo kivuli cha matawi yake hufunika ardhi kwa kiasi kisichopungua 15 kwa mia. Msomaji na ajaribu kuyaona mambo hayo kwa macho ya moyo. Mita mbili ni kimo cha mtu mrefu. Kivuli cha 15 kwa mia maana yake ni kwamba sehemu 85 katika mia zaweza kuwa wazi juani. Kwa kipimo hicho, kichaka cha nchi kavu nyuma ya Hola na msitu mnene wa Mchelelo, ambao mtu akisimama ndani yake haoni jua vizuri wakati wa adhuhuri, vyaweza kuandikwa katika safu moja ya daftari.

Si haki kuilaumu kanuni hiyo. Kila hesabu yataka mpaka, na nchi iliyo kavu kama Kenya ikichagua kipimo cha nchi za mvua nyingi itajikuta haina msitu ila milimani. Hata hivyo, yafaa mtu ajue ni kitu gani kimehesabiwa kabla hajafurahi au kuhuzunika.

Tukio la karibuni laonyesha jambo hilo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 69, yaiagiza Serikali ijitahidi kufikisha miti ya nchi kiasi kisichopungua 10 kwa mia ya ardhi yote. Uchunguzi mkubwa wa rasilimali za misitu uliofanywa mwaka 2021 ulitoa tarakimu mbili. Ya kwanza ilikuwa 12.13 kwa mia, nayo ni hesabu ya miti yote, pamoja na ile iliyo mashambani, kando ya barabara na mijini. Ya pili ilikuwa 8.83 kwa mia, nayo ni hesabu ya misitu peke yake. Aliyesoma tarakimu ya kwanza alisema agizo la Katiba limekwisha timizwa. Aliyesoma ya pili alisema bado. Wote wawili walikuwa wakisoma kazi moja ya watu wale wale. Katiba yenyewe hutaja miti, haitaji misitu. Basi msomaji wa kwanza hakukosea kwa sheria, ingawa mnyama wa msituni hangeelewa tofauti hiyo.

Zamani mambo yalikuwa magumu zaidi. Idara ya Misitu ya Kenya iliundwa mwaka 1902, na kazi yake kubwa ilikuwa kuitunza misitu iliyotangazwa kuwa mali ya Serikali, ambayo mingi yake imo katika nyanda za juu. Misitu ya Tana haikuwa katika hesabu hiyo. Ilikuwa katika ardhi ya wenyeji, ambayo baada ya uhuru ilishikwa na baraza la wilaya. Kwa hiyo mtu atakayefungua vitabu vya zamani vya misitu ya Serikali akitafuta eka ngapi zilikuwapo Kinakomba hataziona. Miti ilikuwapo, ila haikuandikwa.

PICHA ZA KUTOKA JUU

Alama ya kwanza ya kuaminika ya ukubwa wa misitu ya namna hiyo imo katika picha zilizopigwa na eropleni. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza iliunda mwaka 1946 ofisi ya kupima na kuchora ramani za makoloni yake, na eropleni za kijeshi zikapiga picha sehemu kubwa za Kenya kwa ajili ya kazi hiyo. Waliopiga picha hizo hawakuwa na nia ya kuhesabu miti. Walitaka mito, barabara na vilima. Lakini picha huchukua kila kilicho mbele yake, na baadaye wataalamu wa misitu waliweza kuweka picha ya mwaka mmoja kando ya picha ya mwaka mwingine na kuona ukingo wa msitu umesogea wapi.

Mwezi wa Julai, 1972, Marekani ilirusha setilaiti ya kwanza ya Landsat. Chombo cha namna hiyo huzunguka dunia na kurudi juu ya mahali pale pale kwa siku zijulikanazo, kikipokea mwanga uakisiwao na ardhi. Setilaiti zile za kwanza ziliigawa ardhi katika viraka vya kiasi cha mita 80 kila upande, na kila kiraka kilipewa rangi moja tu. Kiraka cha namna hiyo kina ukubwa wa eka moja na nusu hivi. Mahali penye msitu mpana, kama Mau, kipimo hicho chatosha. Kwa Tana hakikutosha, kwa sababu ukanda wa miti wenye upana wa mita 60 pamoja na shamba la ndizi lililo kando yake huingia katika kiraka kimoja na kutoa rangi isiyokuwa ya msitu wala ya shamba. Setilaiti zilizofuata tangu mwaka 1982 zilikuwa na viraka vya mita 30, na zile za Sentinel za nchi za Ulaya, zilizoanza kurushwa kwa kazi hiyo mwaka 2015, zina viraka vya mita 10.

Nairobi ilipata mwaka 1975 kituo cha nchi za Afrika cha kutengeneza ramani za rasilimali, kilichoko Kasarani, ambako vijana wengi wamefundishwa kuzisoma picha hizo. Lakini kwa miaka mingi picha ziliuzwa kwa bei ambayo ofisi ndogo haikuweza kuilipa. Mwaka 2008 Marekani ilifungua hazina yote ya Landsat bila malipo, na mlango ukawa wazi. Mwaka 2013 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Maryland walitangaza ramani ya dunia nzima, iliyoonyesha mahali ambapo miti ilitoweka tangu mwaka 2000. Wao walihesabu miti iliyopita kimo cha mita tano. Serikali ya Kenya huhesabu kuanzia mita mbili. Mtu akilinganisha vitabu hivyo viwili ataona tarakimu zisizopatana, naye asiharakishe kusema kwamba mmoja wao amedanganya.

Yako na mengine yapotezayo macho ya setilaiti. Miti mingi ya nchi kavu hupukutisha majani wakati wa kiangazi, hata picha ya Februari ionyeshe jangwa na picha ya Juni ionyeshe kijani, na hapana mti uliokatwa wala uliopandwa. Mwembe nao ni mti mkubwa wenye kivuli kizito. Shamba la miembe ya Kinakomba, likitazamwa kutoka juu, lafanana sana na msitu. Kwa mkulima mwembe ni mali, na pengine ni mali yenye faida kuliko msitu. Lakini si mali ile ile, wala mbega mwekundu hawezi kuishi kwa maembe.

Tatizo kubwa zaidi laitwa mathenge. Mti huo wa miiba, ambao asili yake ni Marekani ya Kati na Kusini, uliletwa katika Wilaya ya Tana River katika miaka ya 1980 ili uwe kuni na kinga ya upepo, hasa katika mashamba ya umwagiliaji ya Bura. Shauri hilo lilikuwa na sababu njema. Mradi wa Bura uliwapokea wakulima wa kwanza mwaka 1981, na watu wote hao walihitaji kuni na nguzo za nyumba, wakati ambapo msitu wa mto ndio uliokuwa karibu. Lakini mathenge haukubaki ulipopandwa. Mbuzi na ng'ombe hula maganda yake na kuzitawanya mbegu pamoja na samadi, na sasa mti huo umeziba njia, malisho na mashamba yaliyolala. Nao ni kijani mwaka mzima! Kwa setilaiti, shamba lililomezwa na mathenge laweza kuandikwa kuwa ni mahali palipoongezeka miti. Hesabu isiyotenganisha mambo hayo ni hasara kwa mkulima, maana shamba lake limepotea na kitabu chasema nchi imepata faida.

MTO NAO HUANGUSHA MITI

Mto Tana haukai mahali pamoja. Katika kila kona hula ukingo wa nje na kuacha mchanga upande wa ndani. Miti mikubwa ya ukingoni huanguka majini, na juu ya mchanga mpya huota michipukizi. Mti mmoja mashuhuri kwa kuota hivyo ni popla wa Tana, jamaa wa mipopla ya Ulaya na Asia, ambao kusini mwa Sahara huonekana tu kando ya mito michache ya Afrika Mashariki. Mbegu zake hutaka mchanga mbichi ulioachwa na maji, na gogo lake hufaa kuchonga mitumbwi. Mara nyingine mto huiacha njia yake yote na kuchukua nyingine. Mwaka 1989 uliuhama upande wa mashine za maji za Hola, na mashamba ya umwagiliaji, ambayo yalianza kulimwa kwa mikono ya wafungwa katika miaka ya 1950, yakakauka.

Kwa hiyo, si kila msitu uliotoweka katika picha umekatwa na shoka. Katika hali ya asili, mto huchukua huku na kulipa kule. Wataalamu waliotembea katika misitu hii katika miaka ya 1980, kama Francine Hughes aliyechunguza uhusiano wa mafuriko na miti, walionyesha kwamba kila aina ya msitu ina mahali pake kwa kadiri ifikiwavyo na maji, na kwamba mafuriko ndiyo yazaayo msitu mpya.

Lakini mafuriko yenyewe yamebadilishwa. Huko juu, katika Mto Tana, yamejengwa mabwawa matano ya umeme: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988. Masinga ndilo kubwa kuliko yote kwa kuweka maji. Maji ya masika ambayo zamani yalishuka kwa nguvu hadi Kinakomba na Garsen sasa huzuiwa na kutolewa kidogo kidogo, ili taa za Nairobi zisizimike. Faida ya umeme ni kubwa, na hapana atakaye kurudi kwenye kibatari. Hasara yake, hata hivyo, imeandikwa katika daftari ya watu wengine.

Hasara hiyo setilaiti haiioni upesi. Mti mkubwa uliokwisha fikisha mizizi yake kwenye maji waweza kusimama miaka mingi baada ya mafuriko kupungua. Picha humwona mzee aliyesimama. Haioni kwamba nyumba haina mtoto. Siku mzee atakapoanguka, kitabu kitaandika kwamba msitu umepotea mwaka huo, na watu watamtafuta mwenye jembe aliye karibu.

Na mwenye jembe amekwisha tafutwa. Mwaka 1976 Serikali ilitangaza hifadhi ya kilomita za mraba 170 hivi, kusini ya Hola, kwa ajili ya nyani wawili wasiopatikana mahali pengine duniani, mbega mwekundu wa Tana na mangabi mwenye kishungi. Ndani yake mlikuwa na mashamba ya Wapokomo. Mwaka 1996 ulianza mradi mkubwa wa hifadhi kwa fedha zilizopitia Benki ya Dunia, na katika mashauri yake lilikuwamo la kuwahamisha wakazi. Wengi walikataa kwa nguvu, ingawa baadhi ya jamaa walihamia upande wa Kipini. Wenyeji walikwenda mahakamani, na mwaka 2007 Mahakama Kuu iliamua kwamba hifadhi haikuwekwa kwa njia ya sheria, kwa kuwa wenye ardhi hawakushauriwa ipasavyo.

Haifai kusema kwamba wakulima hawakukata kitu. Walikata, na bado wanakata. Watu wameongezeka, na mafuriko yakipungua shamba la zamani halirutubiki, basi mkulima hutafuta udongo mpya, na udongo huo umo chini ya miti. Lakini hapo ndipo bwawa na jembe hukutana, na hesabu itoayo eka zilizopotea bila kuuliza sababu humwona mmoja tu kati ya wawili hao, yule aliye karibu na mti.

Nyani wale wamekuwa shahidi wa namna nyingine. Mwaka 1975 mbega wekundu walikisiwa kuwa kati ya 1,200 na 1,800. Hesabu ya mwaka 1994 iliwaweka kati ya 1,100 na 1,300, na sasa hukisiwa kwamba hawafiki 1,000. Mbega hula majani na huishi juu ya miti mirefu. Misitu ikikatwakatwa vipande, hawezi kuvuka kwa urahisi kutoka kipande hiki hadi kile. Mangabi hutembea ardhini, naye huvuka shamba bila shida, na pengine huchukua hindi moja njiani. Kwa hiyo mbega akipungua upesi kuliko mangabi, yaonyesha kwamba mapengo kati ya miti yameongezeka, jambo ambalo jumla ya eka peke yake haionyeshi.

Kazi iliyobaki yataka miguu. Mathenge na mwembe hutenganishwa na msitu na mtu aliyesimama chini yake, naye huyo afaa kuwa mtu wa mahali pale. Wazee wa Gasa, baraza la Wapokomo, wajua ni kona gani mto ulihama na ni shamba gani lilikuwa msitu wakati wa mafuriko makubwa ya mwaka 1961. Huko Ndera wenyeji wameunda hifadhi yao wenyewe, nao hulinda vipande vya msitu katika ardhi iliyo yao. Mtambo wa Nairobi ukipewa habari za watu kama hao, rangi moja ya kijani yaweza kugawanywa kuwa tatu au nne.

Mwaka 2023 mwishoni, na tena Aprili na Mei ya mwaka 2024, mvua za milimani zilizidi nguvu za mabwawa, na Tana ikafurika hadi Garsen na mbele yake. Nyumba na mazao mengi yaliharibika. Katika siku zile mawingu yaliwafunikia wapiga picha sehemu kubwa ya nchi, kama yafanyavyo kila mara mto unapojaa. Maji yaliposhuka, mchanga mpya ulibaki katika kona za ndani za mto. Miche itakayoota humo, ikisalimika na mbuzi na jembe, itachukua miaka kabla ya kupita kimo cha mtu na kufunika sehemu 15 katika mia za nusu hekta, ndipo ianze kuonekana katika hesabu.